Victorine na Saa Nne

Mkitaka habari za Victorine, niulizeni mimi. Hakuna mtu Randburg nzima, hapa Johannesburg, aliyemtazama kama nilivyomtazama. Wapenzi hutazamana hivyo, na wenye kijicho. Mimi sikuwa mpenzi.

Naitwa Tumu. Nilizaliwa Morogoro, nikaolewa na mkimbizi wa Afrika Kusini aliyesoma pale kwetu Mazimbu, na wenzake waliporudi kwao baada ya ukombozi, nikaja naye. Tangu mwaka tisini na tano nashona nguo hapa. Chumba chetu kiko juu ya duka la simu: mafundi sita, kila mtu na cherehani yake na pasi yake, na laini moja ya umeme iliyovutwa enzi chumba kilipokuwa ofisi ya karatasi na kalamu. Mimi nilikiingia wa kwanza. Kila aliyekuja nyuma yangu aliniuliza aweke meza wapi, atundike nguo wapi, na nani aanze kupiga pasi. Nilikuwa mama wa chumba, na nilipenda, sifichi.

Shida yetu ilikuwa asubuhi. Sote tuliwasha pasi kwa pamoja, maana wateja huja mchana na kila mtu anataka kazi yake inyooke kabla hawajafika. Pasi ya nne ikichomekwa tu, paap! Swichi kuu inajizima. Tunashuka ngazi kumtafuta mlinzi mwenye ufunguo, huku tunatukanana kwa lugha nne. Mimi nilishazoea. Ukiwa mama wa chumba, kuamua ugomvi nako ni kazi.

Victorine alikuja mwaka 2015, mwaka ule wa mgao wa umeme, kutoka Lubumbashi kwa kupitia saluni za Yeoville alikoshindwana na bosi wake. Mfupi, mnene, sauti ya kanisani, uzi mdomoni saa zote. Wiki mbili alitutazama tu tunavyogombana. Jumatatu moja akachukua chaki ya fundi, akachora ukutani mistari kama ya daftari. Khatibu, yule Mpemba anayeshona suruali, apige pasi wakati huu. Mama Tumu wakati ule. Asiyepiga pasi ashone. Na mgao ukikata, sote twende kwenye kazi ya mkono: kukata, kufumua, kutia vifungo.

"Mama Tumu," akaniambia, "kuran haitukatai. Ni sisi njo tunaivamia wote pamoja, sawa watu wa harusi na sahani ya nyama."

Kuran ndiyo umeme, kwao. Watu walicheka, kisha wakafuata. Na ajabu, mambo yakaenda! Swichi ikatulia. Victorine akaongeza sheria: kifungo hakiguswi umeme ukiwepo. Ukionekana unatia kifungo na taa inawaka, atakufokea kama mwanawe. Vifungo na mapindo tukawa tunavilimbikiza kapuni vikisubiri mgao, na mgao ukifika tunakaa dirishani tunashona na kupiga soga, wakati mafundi wa jengo la jirani wamesimama barabarani wanalaani serikali.

"Huyu mama ana kichwa!" Khatibu akawa anasema kila siku. Kila siku, jamani. Mimi niliamua ugomvi wa chumba kile miaka ishirini, na sikuwahi kumsikia mtu akisema Tumu ana kichwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona, niliugua. Nilichukia chaki yake. Nilichukia hata kikohozi chake. Nikirudi nyumbani Alexandra nilimwambia mume wangu yule Mkongo anajidai, naye ananijibu, "Si umesema swichi haijizimi tena?" Eish, wanaume!

Lakini nilivumilia miaka minne, mpaka Angélique alipopita meza yangu bila kusimama.

Angélique ni kiongozi wa kwaya ya kanisa la Wakongo. Majoho ya kwaya nilikuwa namshonea mimi, tangu kwaya ina watu tisa. Mwezi wa pili mwaka 2019 mgao ulikuwa umerudi kwa nguvu. Akaingia na kitambaa cha zambarau begani, akanipita, akakitua kwa Victorine. Kisha akarudi kwangu, sauti chini.

"Mama Tumu, usikasirike. Majoho thelathini, kwa mkutano wa kwaya mwezi wa tatu. Nataka mtu ambaye mgao haumcheleweshi. Akifanya vizuri, ya Pasaka na yote ya mbele nitampa yeye."

"Wala sikasiriki!" nikasema, nikacheka. Roho iliniuma hadi nikajichoma sindano kidoleni. Kanisa lile ndilo lililokuwa limebaki langu. Likienda, mimi ni nani pale? Bibi mmoja mwenye cherehani kuukuu, anayesubiri zamu yake iliyoandikwa na mwingine.

Mwezi wa tatu mgao ukazidi, ratiba inabadilika kila siku. Alhamisi jioni tulikuwa tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, mimi na Victorine, tunangoja taxi. Majoho yalikuwa yameshashonwa, yamebaki kupigwa pasi kola tu. Kola zile zina kitambaa cha ndani kinachoshikishwa kwa moto wa pasi. Bila pasi, kola inalala kama sikio la mbwa. Angélique angekuja kuyachukua kesho yake, Ijumaa, saa sita mchana. Simu ya Victorine ilikuwa imekufa.

"Mama, kesho kuran itapotea saa ngapi?"

Ratiba ilikuwa mkononi mwangu. Saa nne asubuhi mpaka saa nane na nusu. Sasa, nieleweni vizuri. Victorine alifundishwa saa na masista wa Kifaransa shuleni kwao, na kwake nne ni ile nne iliyoandikwa kwenye uso wa saa, basi. Sote chumbani tunalijua hilo, kwa hiyo tukimtajia saa huongeza neno, asubuhi au jioni, ili tusipishane naye.

"Saa nne," nikasema.

Neno asubuhi nililimeza.

"Aksanti, Mama," akasema, akanishikia mlango wa taxi nipande kwanza.

Sikudanganya! Nendeni Morogoro mkaulize umeme unaokatika saa nne unakatika lini. Ndivyo nilivyojiambia njia nzima.

Asubuhi nilimkuta keshaandika ukutani, kwa chaki, 16h, yaani saa kumi jioni kwetu. Niliona. Wengine walishaacha kufuata ratiba, waliuamini ukuta wake tu. Nikainamia kitambaa changu, nikaendelea kukata. Khatibu alikuwa na suti ya bwana harusi, akaomba pasi kwanza, na Victorine akamwachia zamu yake ya asubuhi. "Piga tu, kaka. Mi niko na kuran mpaka jioni." Yeye akakaa kukagua mapindo ya majoho, anaimba.

Saa nne kamili redio ilinyamaza. Pasi ya Victorine ilikuwa juu ya joho la tatu. Akaiinua, akaigusa kwa kidole chenye mate, akaiona inapoa. Akatazama ukutani. Kisha akanitazama mimi.

Angélique alifika saa sita. Akashika joho moja, akashika la pili, kola zikamlalia mkononi. "Mama Victorine, hivi ni nini?"

Nilikaa nikingoja anitaje. Nilikuwa nimeshapanga maneno, ya Morogoro na yote.

"Nilisikia vibaya saa," Victorine akasema. "Kosa ni la mimi."

Angélique akayakunja majoho yale kwa hasira, ishirini na nane yenye kola zilizolala na mawili mazuri. Akiwa mlangoni akanigeukia. "Ya Pasaka utashona wewe, Mama Tumu."

Hapo ndipo ukweli ulipokuwa na nafasi. Neno moja lingetosha.

"Sawa," nikasema. "Leta kitambaa."

Alipoondoka, Victorine alichukua chaki akaenda ukutani. Akafuta jina lake kwenye zamu ya pasi ya asubuhi, ile bora kuliko zote, akaandika langu. "Majoho ya Pasaka yatataka asubuhi," akasema. Akajipangusa vumbi la chaki, akaja mpaka kwenye meza yangu.

"Ila Mama Tumu, siku ingine ukitaka kunichukia, unichukie kwa saa yangu. Nitakuelewa haraka."

Khatibu aliangua kicheko, akadhani ni utani wa saa uleule. Wengine wakacheka naye. Mimi nilichukua gauni la mteja mwingine, nikalitandaza, nikachomeka pasi, nikasimama nikingoja ipate moto.

"Mama Tumu," Khatibu akaniita, "umeme haupo."