Ngazi za Machinjioni

Mafuta ya ng'ombe yaliyooza yakiungua kwa moto wa kuchomelea, ile harufu ukishaivuta hutakaa uisahau. Inaingia puani, inashuka kooni, inajipangia chumba. Mimi ni fundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa. Nimechomelea mageti, madirisha, hata kitanda cha mtu kilichovunjika kwa sababu ambazo sikuuliza. Moshi wa rangi, moshi wa kutu, yote nimevuta. Ila siku ile nilitapika pembeni ya jenereta, na mama muuza chapati wa jirani akahamisha jiko lake.

Kilichonifikisha huko ni mapenzi. Nilikuwa nimempata binti wa Kisukuma, alikuwa anakuja mjini kuuza mchele. Kwao ni Usangu kule bondeni, baba yake alihamia huko na ng'ombe zake kutoka kaskazini. Mzee alinitumia salamu kupitia kwa binti: lete wazee wako siku fulani, usipokuja nampa jibu yule mwingine. Maana kulikuwa na mwingine, kijana wa hukohuko, ana ng'ombe zake. Kwa hiyo ilikuwa nifike siku ile, au nibaki Mwanjelwa nikisubiri kuchomelea geti la nyumba yao.

Shida ilikuwa njia. Masika kule barabara inakatwa na mitaro ya kupeleka maji mashamba ya mpunga. Mshkaji wangu mmoja ana Landkruza kuukuu, ndiye alikubali kutupeleka. Akasema, "Bila ngazi hatuvuki. Na fundi ni wewe, usinitolee macho."

Ngazi zenyewe siyo za kupandia darini. Ni mbili, unazilaza juu ya mtaro, kila moja inakaa chini ya tairi za upande wake, gari linapita kama kwenye daraja. Mkishavuka mnazirudisha juu ya keria mnaendelea. Zinatakiwa ziwe nyepesi watu wawili wainue, halafu ngumu zisikunjike gari likiwa katikati. Nikawaza mbao za mkaratusi. Mshkaji akakataa. "Zikilowa utazibeba na bibi yako?" Chuma cha kona chembamba kinapinda, hilo najua, nimewawekea watu kwenye mageti. Chuma kizima kizito. Jibu ni bomba nene lenye uwazi ndani. Sasa bomba la hivyo, jipya, dukani nilikuwa naliangalia tu kama mtoto anavyoangalia keki ya harusi ya watu.

Ndipo mshkaji akaja na mabomba, anacheka peke yake. Kayatoa kwenye machinjio ya zamani yaliyobomolewa. Ndiyo yale ambayo ng'ombe alikuwa ananing'inizwa wakati wa kuchunwa.

"Yamebeba ng'ombe mzima miaka yote, hayajapinda," akasema. "Gari na ng'ombe tofauti yake nini?"

"Ng'ombe hanuki hivi."

"Choma, fundi. Moto unaua kila kitu."

Nilipogusa, kidole kiliteleza. Kulikuwa na utando wa mafuta meusi, mgumu kama nta, umeota manyoya. Nikapasha, nikakwangua, nikatapika, nikaendelea. Vipago vya kukanyagia nikachomelea kwa chuma cha kona, nikavipanga karibukaribu, sikuweka bati juu, maana bati likijaa tope tairi linateleza. Bora tairi ling'ate vipago. Hapo akili nilikuwa nayo. Iliniishia kwenye midomo ya mabomba. Ilitakiwa niizibe kwa vipande vya bati, ila kila nikiinama nakuta ule uji mweusi uliokaukia ndani, kama na wenyewe unanichungulia. Nikasema nani atainama huku. Nikapiga rangi ya fedha juu, zikang'aa, kazi kwisha.

Baba mkubwa akaja kutoka Kalenga kuwa msemaji wangu. Mzee wa kanisa, Mlutheri wa suti, viatu unajionea meno. Asubuhi tukaondoka watatu, mshkaji anaendesha, mimi shati jeupe, njia nzima najifunza kusema mwangaluka ili nimsalimie mkwe Kisukuma.

Mitaro ya kwanza tulipita bila shida. Tukafika kwenye ule mkubwa. Maji yamejaa, ukingo umelegea. Tukalaza ngazi, mshkaji akaingiza gari polepole. Ncha zikazama kwenye tope, maji yakaingia mabombani, lakini ngazi hazikulia wala kupinda. Gari likavuka. Nilijisikia injinia kabisa. Nikashika upande wangu, mshkaji akawahi kuinua wake juu, mabomba yakainamia kwangu.

Ule uji wote ukanijia. Ulikuwa umelowana ukawa mchuzi, wa rangi ya kahawa, una vipande. Ukaniingia kifuani, ukashuka ndani ya mkanda, kidogo ukanigusa mdomoni. Sitaki kusema unafananaje.

Baba mkubwa alikuwa amesimama mbali na tope. Akatoa kitambaa akaziba pua. "Mwanangu, umejinyea?"

"Hapana, baba mkubwa. Ni ngazi."

"Ngazi inaharisha?"

Mshkaji alikuwa amekaa chini anacheka, hawezi hata kusimama. Tukazifunga hivyohivyo juu ya keria, zikawa zinadondoka kwenye vioo. Shati nililisuuza mtaroni likatoka bovu zaidi. Tulipokaribia miji ya wafugaji, mbwa wakatoka kila upande wakaanza kufuata gari.

"Leo ndiyo naona mbwa wanamkimbilia Mhehe," mshkaji akasema. "Huwa wanamkimbia wasije wakaliwa." Baba mkubwa, Mhehe mwenzangu, hakucheka.

Wazee wa pale walikuwa wameshakaa kwenye viti, wanatusubiri. Gari likasimama karibu na zizi. Sikuwa hata nimefungua mlango, dume moja likanyoosha shingo, likanusa, likatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa ng'ombe. Siyo kulia kwa njaa. Ni kulia kabisa. Nyingine zikaitikia. Zikaanza kuchimba ardhi kwa kwato, zinarusha tope, zinasukuma miiba ya zizi kuja upande wetu. Ndama zikakanyagana. Vijana wakakimbia na fimbo kuzuia.

Baba wa binti alisimama, mrefu, shuka begani. Mwangaluka yangu hakuipokea. Akaenda moja kwa moja kwenye gari, akanusa mdomo wa bomba.

"Hiki chuma kimetoka machinjioni," akasema. "Ng'ombe zangu zinalia msiba. Nyie Wahehe, watu wa kusalimia kamwene, mmekuja kuoa au kuzika?"

Baba mkubwa alikuwa hajui kitu kuhusu machinjio. Akanigeukia taratibu, na uso ule naujua tangu mdogo.

"Hiyo posa haisikilizwi hapa wakati zizi linavunjika," mzee akaendelea. "Nani kazitengeneza?"

"Mimi, baba."

"Basi ziteremshe, uzibe."

"Nizibe na nini?"

Akanyoosha fimbo kwenye lundo la mavi, limenyeshewa usiku kucha, linatokota nzi. "Ng'ombe hagombani na harufu ya mavi yake. Ziba midomo yote, halafu paka kotekote."

"Fundi, glovu tumezisahau Mwanjelwa," mshkaji akasema kutoka dirishani.

Nikazama mikono mpaka viwiko. Ya juu baridi, ya chini bado ina joto, hilo joto ndilo lilinimaliza. Nikawa nashindilia mabombani kwa kidole gumba, nikisukuma, pembeni ya kidole wanatoka funza. Nikapaka rangi yangu yote ya fedha kwa mavi, kipago kwa kipago, wakwe watarajiwa wamekaa wananiangalia kama wanaangalia mpira. Ningetapika mbele ya mavi ya ng'ombe zake, yule mwingine angeshinda hapohapo, maana yeye kakulia humo.

Ng'ombe zikatulia moja moja. Mzee akarudi kwenye kiti, akamruhusu baba mkubwa aseme. Baba mkubwa akasema vizuri, alikwepa tu kunitazama. Alipomaliza, binti akaitwa. Ni lazima aulizwe mbele ya watu, na akisema hawajui, mnaondoka.

Akaja na kanga mpya. Akaniangalia kuanzia nywele mpaka viatu. Nzi walikuwa wamenifunika mikono.

"Hawa wageni unawajua?" baba yake akauliza.

Akavuta ncha ya kanga akafunika pua. Mimi moyoni nilishaanza safari ya kurudi.

"Nawajua," akasema ndani ya kanga. "Huyu aoge kwanza."

Wazee ndiyo wakacheka, na mzee akaagiza nipewe maji. Yalichotwa kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, juu yanaelea ute wa kijani. Nilipojimwagia kata ya kwanza, kuna kitu kilitembea mgongoni. Sikukiangalia. Nikachota ya pili.