Wewe Hapana Osha Mimi

Mkate wangu, yule mama mzee wa sinagogi yetu hakuula hata siku moja, kwa miaka kumi na mitatu. Kila Alhamisi jioni nilikanda unga jikoni kwetu Kileleshwa, nikamega kidonge na kukiteketeza kama sheria ya Kiyahudi inavyotaka, nikasuka mikate miwili ya Sabato. Mara moja kwa mwezi, zamu yangu ilipofika, nilisuka mingine minne ya sinagogi. Baada ya sala ya Jumamosi huwa tunakusanyika ukumbini kwa divai kidogo, mayai ya kuchemsha, samaki wa mkebe, parachichi, na chai ya birika la umeme lililowashwa tangu Ijumaa. Yule mama mzee alipokea kipande chake kwa adabu zote, akakiweka ukingoni mwa sahani, na pale kilikaa mpaka sahani zikakusanywa. Mkusanyaji wa sahani alikuwa mimi.

Cha ajabu, dawa zangu alizimeza. Ninafanya kazi katika duka la dawa pale Hurlingham, na yeye aliishi karibu, katika nyumba ya zamani ya mawe iliyobanwa na maghorofa pande tatu. Kila mwezi alikuja na kucha zake zilizopakwa rangi nyekundu, akanipa karatasi ya daktari, akanisikiliza nikimweleza ipi ni ya asubuhi na ipi ya jioni. Tembe kutoka mkononi mwangu aliziamini. Mkate kutoka mkono uleule, ng'o.

Niseme mimi ni nani. Mimi ni Mkamba wa Machakos, binti wa mzee wa kanisa. Nilipendana na Myahudi aliyezaliwa hapa Nairobi, na kabla hajanioa nilisoma miaka mitatu, nikahojiwa na marabi watatu, nikazama majini mwili mzima, nikaibuka Myahudi. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililishika siku ya kwanza: mikate, vyombo, kufundisha watoto wadogo Jumapili, kutembelea wagonjwa. Yule mama mzee alizaliwa hapahapa, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Ulaya, na kwake mimi nilibaki kuku mgeni mwenye kamba mguuni. Alisema wale marabi watatu walikuwa wapita njia tu. Alisema hajaona karatasi yao ya kunithibitisha. Hakunisema kwa ubaya wa sauti, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu huwezi kugombana na mtu anayekuuliza hali ya mama yako kila Jumamosi.

Ningevumilia yote hayo. Mimi ni mtu wa hasira lakini najua kujikaza kisabuni. Shida ni kwamba binti yetu alikuwa anakaribia miaka kumi na miwili, umri ambao kwetu msichana huhesabiwa mtu mzima mbele ya amri, na siku hiyo husimama mbele ya watu wote baada ya sala akatoa somo lake. Alikuwa ameanza kujitayarisha. Kila Jumamosi, kwa kuwa hatupandi gari siku ya Sabato, tulitembea kutoka Kileleshwa hadi sinagogi mjini, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, naye njia nzima akinisimulia atakavyosema. Sasa, Uyahudi wa mtoto hufuata mama. Mama asipokuwa Myahudi, mtoto si Myahudi, hata baba yake awe nani. Yule mama mzee aliiambia kamati kwamba lazima swali langu limalizwe kabla msichana hajasimama. Kamati ikasema italiangalia. Ukisikia kamati inaliangalia jambo, ujue limewekwa chini ya mkeka.

Binti yangu akasikia, maana sinagogi yetu ni ndogo na watoto wana masikio. Jioni moja akaniuliza, "Mum, kwani mimi ni nini?" Nikamwambia amalize kazi ya shule. Nilichukia jibu langu na nikamchukia yule mama mzee. Nasema ilivyokuwa.

Mwaka huo huo nilikuwa nimeingia katika kikundi cha wanawake wanaoosha maiti wa kike. Ni kazi ya kujitolea, haina sifa, na hufanywa na Wayahudi peke yao. Tulikuwa wanne tu. Anayetuongoza ni mwalimu mstaafu, mama mtaratibu asiyeinua sauti, na ni yeye aliyeniomba niingie, bila kuuliza karatasi. Nilikuwa nimeosha mara mbili.

Kisha yule mama mzee akaugua, akalazwa hospitali moja ya Upper Hill. Wanawake tuligawana siku za kumtembelea, nami nikapewa Jumatano, saa ya chakula cha mchana. Jumatano ya tatu nilimkuta amepungua sana. Nililowesha pamba nikampangusa midomo, akaniacha. Nikadhani amelala. Mara akafungua macho, akanishika kifundo cha mkono, akasema kwa kile Kiswahili chake cha Wazungu wa zamani, cha kuamrishia mpishi:

"Mimi iko kufa. Wale mama tatu nasafisha mimi, sawa. Wewe hapana osha mimi."

Nikajifanya sijasikia. Akarudia, polepole, kama mtu anayehakikisha mtoto wa dukani ameandika vizuri. "Wewe hapana. Umesikia?"

"Nimesikia, mama," nikasema.

Akaniachilia mkono. Chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Nilirudi kazini nikauza dawa za kikohozi mpaka jioni na sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nilikuwa na aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyesema.

Alikufa kesho yake, Alhamisi. Mwalimu akanipigia simu kabla ya giza, mikono yangu ikiwa imejaa unga.

"Ameenda, saa kumi hivi. Kesho tunamzika mapema kabla ya Sabato. Sisi tukutane mortuary saa mbili asubuhi. Tuko watatu na wewe wa nne. Si utakuja?"

Nikapangusa unga kwenye aproni.

"Hallo? Network imepotea?"

"Niko," nikasema. "Nitakuja."

Sikulala vizuri, na fikira zenyewe nazikumbuka. Kwetu Ukambani neno la mtu anayekufa halirukwi, hata kama lilikuwa la uchungu. Nilijua hivyo tangu utotoni. Ningeweza kusema nina homa. Lakini nilijua pia kazi ilivyo. Mwishoni mwa kuosha, maji ya ndoo tatu humiminwa juu ya mwili na watu watatu, kila mmoja na ndoo yake, na hayatakiwi kukatika: ndoo ya pili ianze kabla ya kwanza kuisha, na ya tatu vivyo hivyo. Yakikatika, mnaanza upya. Katika wale watatu, mmoja alikuwa na miaka sabini na minne na mgongo mbovu, hawezi kuinua ndoo. Wanaume hawaruhusiwi kumwosha mwanamke. Bila mimi yule mama angengoja mpaka Jumapili, maana Sabato hatuziki, na kwetu Wayahudi kumweka maiti bila kumzika ni kumdharau. Hiyo ni sababu nzuri na ni ya kweli.

Ya pili ni hii. Kama ningesema, "Alinikataza," wangeuliza kwa nini. Jibu ni moja tu: kwa sababu hakuniona Myahudi. Ningelitamka mwenyewe, kwa kinywa changu, wakati kamati bado imekalia jambo la mtoto wangu. Na ningelitamka likiwa usia, ambao hauwezi kujibiwa. Hiyo nayo ni ya kweli. Ipi ilinitoa kitandani, sijui.

Asubuhi tulinawa mikono, tukavaa aproni na glavu, mwalimu akasoma dua. Humo ndani hakuna mazungumzo ya kawaida. Unafunua sehemu unayoosha tu, kisha unaifunika. Hupitishi kitu juu ya maiti. Ukitaka sabuni unazunguka. Humlazi kifudifudi. Unaanza kichwani, upande wa kulia, halafu wa kushoto. Chochote kisicho cha mwili lazima kitolewe, na mwalimu akaniashiria kwenye vidole: rangi. Mimi wa duka la dawa ndiye huleta ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kwa hiyo kazi ikawa yangu.

Nilivuta kiti nikaushika mkono wake. Rangi ilikuwa imepakwa mara nyingi juu kwa juu, haikutoka kirahisi. Pamba baada ya pamba ikawa nyekundu. Chini yake kucha zilikuwa za manjano, nyembamba, na moja imepasuka. Dakika ishirini hivi nilikaa nimemshika mkono, mtu ambaye katika miaka kumi na mitatu alinipa ncha za vidole tu. Sikupata huruma kubwa ya ghafla. Nilikuwa na hasira, na mkono ulikuwa baridi, na niliusafisha vizuri. Kidole gumba cha kushoto kilinisumbua nikakirudia mara tatu.

Maji hayakukatika. Mimi nilimimina ndoo ya tatu. Tukasema mara tatu kwamba ni safi, tukamkausha, tukamvika sanda ya kitambaa cheupe ambayo haina vifungo wala mafundo. Tukamweka kwenye sanduku la mbao tupu.

Mwishoni, kila mara, tunamwomba marehemu msamaha. Mwalimu humwita kwa jina lake na la baba yake, na kusema kwa Kiebrania kwamba yote tumefanya kwa heshima yake, na kama kuna tulilokosea, atusamehe. Kisha kila mmoja huomba kimya kwa lugha yake. Mara mbili za kwanza nilikuwa nimesema kwa wepesi tu, kama mtu anayesema pole barabarani. Safari hii nilisimama miguuni pake. Wale watatu walikuwa wanaomba msamaha kwa makosa ambayo labda yapo. Langu lilikuwepo, nilijua ukubwa wake, na niliyemkosea alikuwa ndani ya sanduku. Nikasema kwa Kikamba, mama, nisamehe. Sikueleza ni kwa lipi. Sote wawili tulijua.

Akazikwa saa nane mchana. Saa kumi na mbili na kidogo niliwasha mishumaa ya Sabato nyumbani, mikono yangu ikinuka dawa ya kucha.

Mtoto wake wa kiume alifika Jumapili kutoka ng'ambo, akakaa siku saba za kilio katika ile nyumba ya Hurlingham, kwenye kigoda kifupi, shati limechanwa kifuani, vioo vyote vimefunikwa, kama desturi yetu ilivyo. Ni mtu mzima, amekulia Nairobi, Kiswahili chake ni cha mtaani. Nilipoingia alikuwa na mwenyekiti wa kamati na watu wengine wanne, watano. Mfiwa kwetu hainuki kumsalimia mtu, kwa hiyo niliinama.

"Wewe ndiye ulikuwa naye Wednesday?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Alisema kitu? Mum alikuwa na maneno juu ya kila kitu."

Watu wakacheka kidogo, cheko la matangani. Nilimtazama usoni. Ana macho ya mama yake. Nafasi ndiyo hiyo ilikuwa, na haikupita haraka. Ilikaa pale mbele yangu muda wa kutosha kabisa.

"Alikuwa amechoka," nikasema. "Hakusema mengi."

Akaishika mikono yangu yote miwili. "Asante kwa kumwosha. Najua hakuwa rahisi kwako." Akaanza kulia. Mlangoni mwenyekiti akanifuata. "Hiyo story ya karatasi imeisha," akasema chini chini. "Mtu ameosha wafu wetu, tumuulize nini tena? Chagueni tarehe ya msichana." Nikamshukuru. Nilitembea mpaka kazini nikiwa na furaha, niseme ukweli, furaha ya kweli ya mama, na chini yake kitu kama jiwe.

Binti yangu alisimama miezi mitatu baadaye, Jumamosi, wanaume upande wao na wanawake upande wetu, bibi yake wa Machakos amekaa karibu nami na kofia yake ya kanisani. Lile somo alilonisimulia njiani mwaka mzima alikuwa amelibadilisha bila kuniambia. Alizungumza Kiingereza, kama wanavyofanya wote. Alisema kuna wema tunaouita wema wa kweli, nao ni ule anaofanyiwa maiti, kwa sababu kila mtu mwingine unayemtendea mema kuna siku huenda akakulipa, lakini maiti hawezi. Akasema, "Mnajua mama yangu na marehemu hawakuelewana." Akasema, "Mama yangu alimwosha, na hakungoja malipo, na mimi nataka kuwa Myahudi wa namna hiyo."

Watu wakageuka kunitazama. Mwalimu alikuwa anajipangusa macho. Mama yangu, ambaye hakuelewa nusu, akanifinya goti kwa fahari. Mimi nilitazama sakafu. Wema wa kweli haulipwi, na mimi nililipwa. Yule mama mzee alinilipa pasipo kutaka, baada ya kukataa kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa, na malipo yenyewe yalikuwa yamesimama pale mbele na gauni la bluu, yakisoma karatasi.

Ukumbini akanijia mbio, mashavu yamewiva. "Mum, nilisema poa?"

"Ulisema vizuri sana."

"Lakini ni ukweli, ama?"

Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yake. Nikamwambia wanamngoja kumpongeza, aende.