Aliyevaa Kama Wenyeji Ndiye wa Kuanza Kusalimu

Nakumbuka asubuhi moja kusini mwa India, mwanangu, nikikatiza mbio kwenye korido ya wodi ya watoto. Nilikuwa nimevaa panjabi ya kijani, ile suruali pana na gauni la magotini pamoja na mtandio wake, na nywele za bandia nimezisuka mkia mmoja ukaning'inia mgongoni. Nilikuwa nasomea kazi ya maabara kwenye chuo cha hospitali hiyo. Mlinzi wa mlangoni alinisemesha kwa lugha yao bila kusita, nami nikamjibu kwa kutikisa kichwa wanavyotikisa wao, ambako si ndiyo wala si hapana. Nilijiona nimefaulu mtihani mkubwa kuliko yote ya darasani.

Nakuandikia haya kwa sababu Jumapili ulipokuja hapa kwangu Kambarage, Shinyanga, ukanionyesha kwenye simu jinsi mabinti wa huko unakokwenda kusoma wanavyovaa, ulikuwa na swali moja tu: "Shangazi, nivae nini nisionekane mgeni?" Nilicheka, nikakuongezea chai. Jibu lilihitaji utulivu, na wewe ulikuwa unawahi basi la Kahama.

Kwanza nikutoe hofu. Sitakwambia usivae kama wao. Mimi nilifika kule na magauni ya vitenge yenye mabega yaliyotuna, kazi ya fundi wa mama hapa mjini, na kila nilipopanda basi shingo zote ziligeuka. Mama wa binti niliyekaa naye chumba kimoja alinihurumia, akanipeleka kwa fundi wake. Watu wa kusini kule wengi ni weusi kama sisi, na wengine wametushinda, kwa hiyo nilipovaa tu panjabi nikapotea kabisa katikati yao. Hata nyanya nikaanza kuuziwa kwa bei ya wenyeji! Na sisi watu wa huku hatuhitaji kufundishwa mambo hayo. Mjomba wako alipopata dhahabu Geita, alitoka kwenye duara, lile shimo la wachimbaji, na kaptula ileile ya vumbi, akapanda basi na uso wa mtu asiye na nauli, akafika nyumbani salama. Mavazi huficha, na kuna siku kufichwa ndiyo salama yako.

Basi turudi koridoni. Kwenye benchi nje ya wodi alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, rozari mkononi, binti yake mdogo amemlalia mapajani. Alikuwa amejifunga kanga. Kanga, mwanangu, mbali kote kule! Moyo uliniruka. Lakini kipindi kilikuwa kinaanza na wenzangu walikuwa wamenishikia lifti, nikajiambia nitamsalimia mchana. Mchana sikumkuta. Kesho yake nilimwona tena, nikapita tena, na nisikudanganye, safari hiyo sikuwa na haraka yoyote. Niliona raha kupita mbele ya mtu wa kwetu asinijue. Ujana una michezo yake ya kipuuzi, na wakati unaicheza huoni kama ni ya kipuuzi.

Asubuhi iliyofuata nilitumwa wodini humo kuchukua damu za kupima. Nikakuta manesi wamesimama kando ya kitanda, wamechoka kubembeleza. Yule mama alikuwa amemkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika bakuli la uji, na hakutaka mtu asogee. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya bluu. Mama alikuwa anamnong'oneza kwa Kisukuma, "Nyamaza, Kabula. Hawakuchukui na njaa. Unakula kwanza."

Nesi mmoja akanieleza. Mtoto alizaliwa na moyo wenye kasoro. Upasuaji wake ulikuwa umeahirishwa mara mbili, kwa kuwa kila asubuhi ya upasuaji mama alimlisha. Walimkataza kwa ishara, hakuwaelewa. Muuguzi aliyewasindikiza kutoka nyumbani naye alishikwa na homa, akalazwa jengo jingine. Mtoto alikuwa anazidi kudhoofu, na daktari akasema wakiahirisha tena, hana hakika kama atakuwa na nguvu ya kuhimili kisu.

Nilipiga goti pale sakafuni. "Mwangaluka, mayu," nikasema, kama tunavyomwamkia mama asubuhi huku kwetu.

Aliangalia nyuma yangu kutafuta aliyesema.

"Ni mimi, mama. Kwetu Shinyanga."

Alinitazama usoni, kwenye mtandio, usoni tena. Nikamuuliza kama mtoto amekula. Akasema bado, ndiyo anataka kumpa. Nikamweleza taratibu kwamba mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi na chakula kiko tumboni, chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, akafa. "Hawamnyimi, mama. Wanamlinda."

Aliweka bakuli chini.

"Kwa hiyo zile siku nyingine," akasema, "ni mimi niliyekuwa namcheleweshaga mwanangu?"

Nilikosa pa kutazama. Yeye hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia. Na mtu ambaye angeweza kumwambia alikuwa amepita mbele yake na panjabi ya kijani.

Wakampandisha Kabula kwenye kitanda cha magurudumu. Mama akamshika mkono mpaka kwenye mlango wasiomruhusu kuvuka, kisha tukakaa kwenye benchi lile. Alinigeukia.

"Si ndiye wewe unapitaga hapa?"

"Ndiye, mama."

"Nilikuwa nakuangaliaga. Nasema moyoni, huyu anafanana na wa kwetu. Nikiona nguo nasema hapana, ni wa hapahapa. Naogopa kumsemesha." Akashika pindo la kanga yake. "Hii uliiona?"

"Niliiona."

"Nguo zimekupendeza, binti. Hazina ubaya. Mimi nisingekujua. Wewe ulinijua. Sasa kati yetu, nani alitakiwa amwamkie mwenzake?"

Hakupandisha sauti hata kidogo. Angenichapa kofi ingekuwa nafuu. Nililia pale benchini, na yeye, ambaye mtoto wake alikuwa anapasuliwa kifua mle ndani, ndiye aliyenipigapiga mgongoni.

Kabula alipona. Daktari alitoka jioni akiwa anatabasamu, na mimi ndiye niliyemtafsiria mama maneno yake. Tangu hapo nilishinda nao kila nilipopata nafasi, mpaka walipopanda ndege kurudi, mtoto anatembea kwa miguu yake. Mama Kabula hakunikumbusha tena jambo lile. Alikuwa amekwisha kunisamehe, mimi ndiye sijamaliza.

Kwa hiyo vaa, mwanangu. Vaa kama wanavyovaa, na uvae vizuri, fundi wa kule akupime vizuri. Ni heshima kwao na ni salama kwako. Ila ujue kwamba siku utakapofanana nao kabisa, hakuna mtu wa kwetu atakayeweza kukutambua, hata akiwa katika shida ambayo ni wewe tu unayeweza kuitatua. Wewe utamjua kwa kanga, kwa lafudhi, kwa namna anavyomshika mtoto. Kwa hiyo usingoje akuite, kwa sababu hawezi. Simama. Chelewa kipindi. Salimia wewe.

Mungu akutangulie katika safari yako, akupe macho yenye wepesi wa kuona na masomo yenye kheri. Na popote mama wa mtu alipokaa peke yake asijue lugha ya watu, akujalie wewe uwe wa kwanza kufungua kinywa.