Kidole Gumba cha Bujiku

Kidole gumba cha Bujiku kilikuwa na jina kubwa kuliko Bujiku mwenyewe. Pale Bariadi, enzi za ushirika, yeye ndiye aliyepanga madaraja ya pamba. Aliibonyeza mara moja tu: safi huku, fifi, ile hafifu, kule, na mkulima asiyeridhika akawalalamikie ng'ombe wake. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakazoa safi, fifi na mchanga kwa mpigo. Bujiku akabaki nyumbani na sigara zake za msokoto na kikohozi.

Ndipo kidole chenyewe kikavimba kama kiazi kitamu, kikawa kinauma hata kikipitiwa na upepo. Shangazi yake, sengi Milembe, akakikanda kwa samli. Hakikupona. Kwa ndugu, ushahidi ukatosha: aliyekikanda ndiye aliyekiroga.

Uganga nao ulikuwa huria. Mganga akala mbuzi, akapiga ramli, akamtaja "bibi kizee wa jirani," na kizee jirani alikuwa sengi peke yake. Mbuzi mzima, kwa kutaja jirani!

Bujiku akaenda hospitali Mwanza; wakampiga picha kidole, halafu kifua. Daktari hakumficha: saratani ilianzia pafuni, ikasafiri na damu hadi mfupa wa kidole. Ni nadra, lakini hutokea. Na alikuwa ameshachelewa.

Bujiku alirudi ana hasira nyingi kuliko maumivu. Akamkuta kaka yake, Josia, uani ananoa panga.

"Unachinja nini?"

"Mambo ya ukoo. Wewe pumzika."

"Josia, ni mapafu! Mapafu yangu!"

"Mapafu siku hizi yanakaa kidoleni? Wamekula nauli yako, mdogo wangu."

"Na mganga wako kala mbuzi, akala na ubongo wako!"

Josia akacheka. "Wewe ukifa tu, sengi anakufuata."

Bujiku akakohoa mpaka akashika ukuta. Kisha akakiinua kile kidole mbele ya pua ya kaka yake.

"Sawa. Daktari humwamini, mizimu unaiamini. Basi sikia: sengi akiguswa hata unywele, nitarudi. Na nitaanzia hapa." Akambonyeza Josia gumba la kulia, kama alivyokuwa akipima pamba.

Panga likaanguka.

Hilo ndilo lililomchoma Bujiku hadi kaburini: ukweli wa hospitali haukumtikisa mtu, ila kitisho chake cha uongo kilimtoa kaka yake jasho.

Alizikwa kabla ya mavuno. Sengi Milembe akachotewa maji kila asubuhi. Mchotaji ni Josia, na akishatua ndoo hujikagua kidole gumba.