Zawadi ya Mtu Mmoja

Nikikumbuka jinsi meneja wetu alivyotuvuruga, hasira hunipanda hadi leo.

Miaka ya sabini nilikuwa naandika programu za kompyuta katika kampuni moja ya bima katikati ya jiji. Tulikuwa wanne. Kompyuta ilijaza chumba kizima, na programu tuliziandika kwa mkono, kisha zikatobolewa kwenye kadi. Ukikosea herufi moja, mashine inagoma na kazi ya idara nzima inalala.

Mwenzangu mmoja, dada wa Kiislamu kutoka Lamu, ndiye aliyetushawishi tusomeane kazi kabla ya kadi kutobolewa. Mwanzoni tuliona haya. Basi akatangulia kutupa kazi yake tuichambue, na kila tulipokuta kosa alicheka. Polepole mashine ikatulia, nasi tukaanza kufika nyumbani jua lingalipo. Mimi nilikaa mtaa wa Woodley, yeye Eastleigh.

Meneja alifurahi mno. Akatangaza zawadi kwa atakayemaliza programu nyingi kuliko wenzake: chakula cha mchana katika hoteli moja ya kifahari mtaani Karen, na picha yake itundikwe ukutani.

Akashinda mmoja wetu, jamaa wa mtaa wa Uthiru, ambaye tangu zawadi itangazwe alikuwa amekataa kusoma kazi ya mtu. "Mimi sina time ya hiyo," alituambia, huku programu zake akizidi kutuletea tuzisome. Yule dada, aliyezisahihisha nyingi kati ya hizo, aliitwa na kukaripiwa kwamba ni mzito.

Nilishindwa kuvumilia. Nikaingia kwa meneja.

"Bwana, hizo programu zake unajua ni nani aliyezinyoosha?"

"Hii ni kuwapa moyo," akanijibu bila kuinua macho. "Na wewe jitahidi."

"Nijitahidi kufanya nini? Kuwaacha wenzangu wakosee?"

Akanionyesha mlango.

Nilirudi mezani. Dada akanimiminia chai. "Usijiumize, mwenzangu," akasema. "Lakini mie sisomi tena kazi ya mtu."

Hakuna aliyesoma tena. Mashine ikarudia kugoma, nasi tukarudia kukesha. Meneja akatukusanya akatuita wavivu, tena mbele ya makarani wote! Mwezi haukuisha, dada akapata kazi kwingine, na huko wakampa kundi zima aliongoze. Siku ya kuondoka alituaga mmoja mmoja. Meneja hakutoka hata ofisini.