Mama Pindo na Siku za Kukata

Nyie mnaosema "si ameze dawa tu" mnanichosha. Mnaongea kama vile kidonge ni peremende.

Kuna fundi cherehani, mtaani wanamwita Mama Pindo kwa sababu pindo lake halijawahi kufumuka. Sifa yake hasa ilikuwa kukata. Alikuwa anasimama mbele ya meza ndefu, chaki sikioni, mkasi mkononi, na hakosei. Miaka sita iliyopita kinga ya mwili wake ikamgeuka, ikaanza kutafuna ganda la mishipa ya fahamu. Miguu ikawa inakakamaa kama mbao, mapaja yanabanana, mpaka mumewe anamtania kwamba ameoa mkasi uliogoma kufunguka.

Daktari akampa vidonge vya kulegeza misuli, vitatu kwa siku. Mapaja yakaachia. Ila vililegeza kila kitu. Kumbe ule ukakamavu ndio uliokuwa unamsimamisha! Akisimama mezani magoti yanakatika, kichwa kizito, na siku moja mkasi ukapita katikati ya gauni la mteja.

Basi akajipangia mwenyewe. Siku ya kukata, hamezi. Siku ya kushona, anameza. Hakumwambia mtu. Mdogo wake, anayeshona naye, alipomuuliza, jioni moja ya siku ya kukata, mbona mguu unarukaruka kwenye pedali, akamjibu kwamba cherehani imepata dereva mpya. Wakacheka, yakaisha.

Zikaja sare za shule nzima. Siku nne mfululizo za kukata, siku nne bila kidonge. Asubuhi ya nne akaanza kumwona marehemu mama yao kakaa juu ya vitambaa, akawa anamwomba taratibu asogee. Halafu mwili wote ukaanza kutupatupa, akaanguka.

Hospitalini daktari akasema dawa ile haiachwi ghafla, inapunguzwa kidogo kidogo, na kwamba angeambiwa mapema angebadilisha dozi. Mdogo mtu akamsogelea kitandani.

"Dada, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba nataka ugonjwa wangu uje saa mbili asubuhi, uondoke jioni?"

Dozi imerekebishwa. Miguu haijarudi kumbeba. Siku hizi anakaa kitini akishona vifungo, anayekata ni mdogo wake, tena anakata kwa haraka, kama mtu anayeiba.

Kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani, muulize leo vidonge vyake vinamfanya nini akiwa kazini. Muulize, halafu nyamaza umsikilize, na akikubali, mwende wote kwa daktari.