Ndege Ambaye Burulkan Hamtaji

Umande bado umelala kwenye nyasi Burulkan anapoinua mkono, na wageni sita walio nyuma yake wanasimama papo hapo. Ndani ya ua la buluu lenye umbo la kengele kuna nyuki mnene. Amelala, miguu yake imejaa chavua.

"Baridi ilimkuta humu jana jioni," ananong'ona. "Jua likimfikia ataamka. Msimpulizie, jamani. Nanyi leo mlinuna nilipowaamsha."

Wageni wanacheka kwa kujizuia, wanapiga magoti mmoja mmoja na kuchungulia.

Burulkan, mwenye umri wa miaka 38, ni mke wa mfugaji kwenye malisho ya Kara-Tash, katika milima ya Kirigizistani. Kila kiangazi, akishakamua farasi majike asubuhi, huwatembeza wageni mbugani akiwaonyesha ndege, wadudu na maua. Kazi hiyo ndiyo inayowavisha watoto wake wanapofungua shule, na ndiyo inayojaza unga ndani kabla theluji haijafunga njia.

Lakini leo nyuma ya wageni anatembea Doolot, mwenyekiti wa chama cha wafugaji wanaopokea wageni. Wiki iliyopita mgeni mmoja alilalamika kwamba mwongozaji huyu hajui hata jina la kipozamataza, yule ndege mdogo wa rangi ya udongo aliyejaa kila upande. Doolot amekuja kujionea. Akiona lalamiko ni la kweli, matembezi haya atapewa mtu mwingine.

Burulkan anamjua ndege huyo vizuri sana. Shida ni kwamba kwa lugha yao ndege huyo anaitwa torgoy, na Torgoy ndilo jina la mama mkwe wake. Huku, mke hatamki majina ya ndugu wa mumewe. Na jina hilo likiwa pia jina la kitu, basi hata kitu chenyewe hukitafutia neno lingine. Doolot naye ni binamu wa mumewe, kwa hiyo Burulkan humwita Kofia, kwa ajili ya ile aliyovaa.

"Wenzangu wana bahati. Kuna ambaye mkwe wake ana jina la mji ambao hatafika maishani," anasema. "Mimi nimepewa ndege anayepiga kelele juu ya kichwa changu kutwa nzima!"

Wanapanda taratibu. Anawaonyesha kipepeo mweupe mwenye madoa mekundu, ambaye mabawa yake hukwaruza kama karatasi akiruka. Anawachumia kitunguu pori watafune. Kisha wimbo unaanza, na ndege anapaa wima kutoka kwenye nyasi hadi anakuwa nukta.

"Haya, shemeji," Doolot anasema kwa sauti. "Wageni wanataka kujua. Mtaje."

"Ni Uzi wa Mbingu."

"Hilo si jina."

"Ndilo ninalomwitia."

"Mama yuko hemani, kule chini kabisa. Hatasikia."

"Yeye hatasikia. Nitasikia mimi, Kofia."

Perizat, karani wa benki aliyekuja kutoka Bishkek, anauliza kwa upole kwa nini ni uzi.

"Fumba macho," Burulkan anamjibu. "Ushike wimbo kwa masikio, upande nao. Usiuachie."

Wote wanafumba macho, hata Doolot. Wimbo unazidi kwenda juu, mwembamba, bila kuvuta pumzi. Ghafla unakatika.

"Umekatika!" Perizat anasema.

"Sasa fungueni. Anaanguka." Na kweli, ndege anashuka kama jiwe na kuzama nyasini. "Kiota chake hakiko hapo. Hutua mbali, halafu hukimbilia nyumbani kwa miguu ili tusimfuate. Basi na sisi tusimfuate."

Waliporudi hemani, Torgoy, mwenye umri wa miaka 71, aliwamiminia kila mmoja bakuli la maziwa ya farasi yaliyochacha. Burulkan alikuwa nje akifunga ndama. Doolot alisogea karibu na yule mama.

"Mama, mruhusu mkweo ataje jina lako. Neno lako moja tu, asije akapoteza kazi."

"Nilishamruhusu alipojifungua mtoto wa kwanza!" Torgoy alimjibu. "Nikamwambia, mwanangu, taja tu, maziwa yanachemka na kumwagika wewe unatafuta neno. Hataki! Ana kichwa kigumu kunishinda mimi."

Burulkan aliyasikia hayo akiwa mlangoni, akainamisha uso. Baadaye, tukiwa wawili, alinieleza mimi ninayeandika habari hii. Mwaka alioolewa aliugua majira yote ya baridi. Mama mkwe ndiye aliyepika na kukamua, kisha akawatangazia majirani kuwa kazi yote inafanywa na bibi harusi.

"Alinitunzia jina langu nilipokuwa siwezi kulitunza mwenyewe," alisema. "Nami lake nilitupetupe mbugani?"

Kule hemani Doolot hakukata tamaa. "Na wewe, mama, hilo neno lake unalipenda?"

"Wewe umewahi kuitwa Uzi wa Mbingu? Si unaitwa Kofia!"

Hema zima liliangua kicheko. Doolot alivua kofia yenyewe, akakuna kichwa, kisha akatoa uamuzi wake mbele ya wote: matembezi yanabaki kwa Burulkan. Kila asubuhi, kabla ya kuondoka, yeye mwenyewe atawatajia wageni jina la ndege huyo na kuwaeleza kwa nini shemeji yake halitamki.

Sasa Burulkan ana mpango. Kiangazi kijacho anataka kuwafundisha kazi hii wake watatu wa wafugaji wa bondeni. Wa kwanza ni Sonunbu, ambaye baba mkwe wake ana jina la tai.

"Ameniomba nimpe neno, nimekataa. Tai ni wake, ahangaike naye," anasema, kichwa juu. "Jana amekuja mbio hadi ninapokamua: 'Dada, nimelipata! Kivuli cha Kondoo, maana akipita juu, kondoo hutawanyika!' Nikamwambia hilo hasa. Tukifika wanne, mbuga hii itakuwa na majina ambayo hayapo kwingine kokote, na mtu akiyataka itabidi atembee na sisi."